Boksi Kati Yangu na Octavian

Jumapili, 20 Oktoba 2024
Baada ya misa mwenyekiti wa kitongoji katangaza: wapima ardhi wanafika Kwihara wiki ijayo. Kila mtu asafishe mpaka wake.

Ua wangu ni msafi kuliko zote. Miti ya boksi arobaini na miwili, majani madogo, kijani kiangazi na masika. Masista wa mjini ndio walionipa vipandikizi, miaka sita iliyopita. Boksi haina haraka. Mwaka mzima inapanda shubiri moja, ikipenda. Nimeilea kwa maji ya kusuuzia nguo, na sasa imefika kiunoni.

Jumanne, 22 Oktoba
Jua kali. Majani ya juu yamebabuka, rangi ya kutu. Kosa langu — juzi nilipunguza vilele saa saba mchana badala ya kungoja jioni. Nimefunika kwa kanga kuukuu na kutandaza nyasi kwenye mashina.

Ambrosi kapita. Mdogo wa marehemu mume wangu, shamba lake limepakana na langu. Shikamoo shemeji, marahaba. Kasimama kwenye kaburi la kaka yake, kofia mkononi. Halafu kauliza mpaka wetu nitawaonyesha wapi. Nikasema ulipokuwa mstari wa minyaa, anajua. Kauliza minyaa yenyewe iko wapi. Akaenda zake.

Ijumaa, 25 Oktoba
Niandike ukweli, humu hakuna wa kunisikia.

Huku kwetu mnyaa ndio shahidi wa mpaka. Ukiung'oa umemfukuza shahidi. Nilijua hivyo tangu utoto, na bado niling'oa mstari mzima, kwa sababu utomvu ulimwingia mjukuu wangu Julieth jichoni. Wiki mbili mtoto haoni! Hilo halinisumbui. Ningeing'oa tena.

Linalonisumbua ni nilipopanda boksi. Sikuipanda kwenye mashimo ya minyaa. Niliipanda hatua saba ndani, kati ya jiko na kaburi la mume wangu Octavian. Watu niliwaambia mbuzi wangu wanakanyaga kaburi. Uongo. Sikutaka kumwona kila nikitoka kumwaga maji. Alikuwa na miezi minne tu ardhini, nami nilichoka kulia mbele ya masufuria.

Basi Octavian yuko nje ya ua. Nimemweka mwenyewe.

Jumatatu, 28 Oktoba
Nimejaribu kuihamisha. Mti mmoja tu, wa pembeni. Nimechimba mbali na shina, nikaunyanyua na udongo wake — mizizi imekatika vile vile. Nimeupanda upya ng'ambo ya kaburi, ndoo mbili za maji. Jioni majani yamelegea. Boksi kubwa huhamishwa mvua zikishika, na mvua bado. Wapimaji keshokutwa. Nimeacha.

Nimeulilia mti ule. Sijui kama ni mti niliokuwa nikiulilia.

Jumatano, 30 Oktoba
Wamefika saa tatu. Mpimaji ni mama mmoja mpole. Kauliza minyaa ilisimama wapi. Nimemwonyesha udongo mtupu. Hakuna hata kisiki, nilivichoma vyote. Kamgeukia Ambrosi.

Nilijiandaa kwa tamaa yake. Hatua saba ni tuta zuri la karanga, nami nilikuwa na maneno ya kumjibu mlafi. Ambrosi kaonyesha boksi, mpaka ni pale. Hakupandisha hata sauti.

"Shemeji, sina shida na udongo. Namtaka kaka yangu. Wewe ulimtoa nje, sisi tukampokea."

Mwenyekiti katazama viatu vyake. Mpimaji kaeleza: tukikubaliana anaandika leo, tusipokubaliana anaruka viwanja vyetu, tukaelewane barazani kwanza. Ila anataka kauli yangu, na kitambulisho.

Nimeingia ndani kukichukua. Ninacho, kiko juu ya daftari hili. Bado nimekaa.

Nikisema ua ule haukuwa mpaka, wataniuliza ulikuwa wa nini. Mbele ya mdogo wake! Nikinyamaza, nimemtoa mara ya pili, na safari hii kwa maandishi.

Dirishani namwona Ambrosi. Kainama ng'ambo, anaokota majani makavu kaburini. Mgongo tu ndio unaoonekana. Kwingine kote boksi imeziba, imestawi hasa kama nilivyotaka. Mwenyekiti ananiita.