Bibi Aliyekataa Kuitikia Shikamoo

Mjukuu wangu, huku Gungu tu wazima, ila mbuzi wa mjomba wako kala kitenge changu. Barua yako haina hata shikamoo, unakimbilia kuuliza Wahindu wana maana gani kusema aliye ndani yetu hazeeki wala hafi.

Nilipovuka ziwa kukimbia vita, bado msichana, niliingia duka la Mhindu pale Mwanga kuomba kazi ya kufua. Nikamwona bibi kakondeana, nikampa shikamoo. Kimya. Nikamwambia hana adabu.

"Dada, hicho ni kioo," Mhindu akasema.

Nikalia kwamba nimekwisha.

"Mwili umekonda. Anayetazama kwa macho hayo, naye kakonda?"

Nikamtafuta ndani yangu. Alikuwepo, mzima, bado kanuna.

Leo meno sina, lakini yeye yupo, anasubiri shikamoo yako.