Siku Mama Alipobebwa na Mkwewe

Kamina, nyuma ya stesheni ya reli
Jumapili, 21 Machi 1999

Mpendwa kaka yangu, Yaya Élisha,

Nakusalimu kwa upendo wa nyumba nzima. U hali gani huko Lubumbashi? Mgongo uliokuwa unakusumbua ofisini umepoa? Lise na Jérémy wanalala vizuri, wanakula vizuri? Nawaza sana juu ya Lise, maana msichana wa umri ule kumkosa mama si jambo dogo. Sisi hatujambo. Mvua bado inanyesha, mahindi mabichi yapo, na vita, namshukuru Mungu, vimebaki kaskazini. Tunavisikia kwa midomo ya wakimbizi na kwa ndege za jeshi zinazopita juu yetu.

Kabla hujasoma zaidi, jua kwamba mama ni mzima. Anakula tonge la bukari hadi kushiba, anagombana na kuku wa jirani, na jana alisema mkono wangu una uchoyo wa chumvi. Nayasema haya mapema kwa sababu aliugua kipindupindu, na sitaki moyo wako ukimbie mbele ya macho yako.

Barua hii anakuletea Bolingo wa reli, yule yule uliyemtuma kwetu wakati wa Krismasi na neno lako. Alilifikisha, Yaya. Tulikuwa uani tunakula, mume wangu Lazare ana tonge mkononi, Bolingo akalitoa kama alivyolipokea: “Élisha anasema, mama akigonjwa, Lazare asimuguse. Asimupeleke kule alipeleka Christelle.” Lazare alinawa mikono, akamshukuru Bolingo kwa safari, akaingia ndani. Tangu siku ile hajasema kitu juu yako, si kizuri si kibaya. Nilikukasirikia, sikufichi. Halafu nikakumbuka kwamba Christelle, mke wako, ulimzika kwa habari tu, bila kuuona hata udongo wa kaburi, na hasira ikapungua.

Sasa acha nikueleze mambo yalivyokwenda, kwa maana huko kwenu mlisikia mwanzo tu, na mwanzo ulikuwa mbaya sana.

Christelle alitufikia na samaki wake wa Bukama, akazuiliwa hapa kwa sababu treni zilichukuliwa na wanajeshi. Ugonjwa ulianza muda mfupi baadaye, pamoja na watu waliotembea kwa miguu kutoka upande wa maziwa, wenye njaa, wengine wamebeba watoto wasio wao. Wagonjwa waliwekwa katika madarasa ya ile shule iliyo chini ya barabara yetu. Unajua mlango wa mama unavyotazama barabara. Hakuna kinachopita asikione, hata ungemfunga kitambaa.

Basi mama aliupima ugonjwa kwa mabeseni. Kila mgonjwa alipita amebebwa, na nyuma yake mwanamke wa kwao na beseni kichwani, ndani vitenge, kikombe na sabuni. Beseni likishuka, mama alingoja kuliona likipanda. Wakati ule wa mwanzo hayakupanda. Waliokufa walifungwa katika plastiki na kuzikwa na watu wa dawa, bila kuoshwa na ndugu, bila kilio, na jamaa zao walirudi mikono mitupu kwa kuogopa kugusa kitu chochote. Mtaa mzima ukasema shule ile inaua. Watu wakaanza kuficha wagonjwa wao majumbani. Walioshindikana wakapelekwa mwishoni, wameshakuwa baridi, wakafa kule, na mtaa ukasema, si tuliwaambia?

Wewe ulilisikia neno hilo la mtaa. Nami silaumu sikio lako.

Lakini baada ya Mwaka Mpya mabeseni yakaanza kurudi. Kwanza moja moja, kisha kila siku, na juu ya vichwa vya wenyewe. Jirani yetu Salomé, yule mwenye kukaanga mandazi, alishuka amebebwa kwenye machela, akapanda kwa miguu yake akiwadai wadeni wake wa mandazi tangu mbali. Mama alitazama. Katikati ya Februari dawa za maji ya mishipani zilichelewa kwa sababu ya treni, na watu nao wakajiona wameshapona wote, wakaacha kuchemsha maji ya kunywa. Mabeseni yakapungua tena. Mama hilo pia aliliona.

Asubuhi moja mwanzoni mwa mwezi huu nilimkuta ameegemea ukuta wa chumba chake, macho yameingia ndani, sauti imekauka. Nilimpa maji yenye chumvi na sukari, akayatapika. Nikamwita Lazare. Alikuja mpaka mlangoni, akasimama hapo, nami nilijua mambo mawili yanamzuia. La kwanza ni neno lako. La pili ni buko, hii heshima yetu ya ukwe. Unajua kwetu mwanamume hali mbele ya mama mkwe, wala hakai naye mkeka mmoja. Miaka yote Lazare ameishi katika ua huu, hajawahi kukanyaga chumba cha mama. Na sasa mama alikuwa amelala katika uchafu wake.

Mama akauliza, “Lazare iko wapi?”

“Iko ku mlango, mama.”

“Aingie.”

Nikamwambia wewe ulikataza. Akafumba macho, nikadhani amezimia. Kisha akasema, “Mi njo nilizala Élisha. Haiko ye alinizala.”

Yaya, nacheka sasa ninapoandika. Siku ile sikucheka.

Akaendelea polepole, pumzi inamkatika: “Christelle alinificha mi sababu ya buko. Siku muzima anaenda mu mahindi, anarudi anasema iko muzima. Buko njo ilimuua ule mutoto. Leo hapana buko. Lazare, ingia, unibebe.”

Hilo ndilo jambo ambalo hukuambiwa, na mimi nimeliweka muda wote huu nikiogopa kulituma kwa mdomo wa mtu wa reli. Christelle aliona haya kuugua tumbo namna ile mbele ya mama mkwe wake. Alijificha katika mahindi tangu alfajiri mpaka jioni. Lazare alirudi kutoka kufundisha, akamkuta ameanguka kando ya kisima, akamkimbiza shuleni kwa baiskeli bila hata kuvua koti la kazi, nami nikafuata na beseni lake. Mikono ya Christelle ilikuwa imeshakuwa baridi. Watu husema mficha maradhi kilio humuumbua. Siipendi tena methali hiyo. Yeye hakuficha kwa ujinga wala kwa kiburi, alificha kwa kuwa alilelewa vizuri.

Basi Lazare aliingia, akapiga magoti na kumgeuzia mama mgongo. Nikampandisha, nikamfunga kwa kitenge kama mtoto. Tukashuka barabarani, mimi nyuma na beseni kichwani. Watu walitoka nje. Wanawake wengine waligeuza nyuso kwa aibu, wakiona haya badala yetu. Mama akawaambia kutoka mgongoni, “Mutazame vizuri. Ni mukwe wangu.” Lazare alikuwa analia, na kwa kuwa mikono yake ilimshika mama, hakuwa na mkono wa kujifuta machozi.

Langoni walimpa kikombe cha maji ya chumvi na sukari kabla ya kumuuliza jina. Mgonjwa haulizwi uji, na siku hizi wamelijua hilo. Muuguzi ni Nkulu, mtoto wa watu wa Kabondo-Dianda, yule yule aliyemuuguza Christelle. Mama alipoanza kupata nafuu, nilimuuliza bila kuzunguka kwa nini mmoja alikufa pale na mwingine anapona pale, mkeka ule ule, mikono ile ile.

Hakukasirika. Alisema mwanzoni, katika watu kumi, walikufa wanne, na siku nyingine hata nusu. Sasa inaweza kupita wiki asife mtu. Alisema ugonjwa wenyewe haukuwa mpole zaidi. Wa kwanza walifika wamechoka na njia na njaa, au wamefichwa. Wauguzi walikuwa wawili kwa darasa zima, dawa kidogo, na wao wenyewe walikuwa wanajifunza. Walingoja maji ya mishipani kwa mtu ambaye angeweza kunywa kwa kikombe. “Bale ba kwanza njo balitufundisha,” akasema, kisha akainuka kwenda kwa mgonjwa mwingine.

Lazare, ambaye hata katika taabu ni mwalimu, aliniambia nisifurahie hesabu hiyo kupita kiasi. Anasema siku hizi hata mwenye tumbo dogo anakimbilia pale, mtu ambaye angepona nyumbani kwake, naye anahesabiwa kati ya waliopona. Nikamwambia anyamaze, aniache nifurahi. Lakini nafikiri amesema kweli.

Kwa hiyo, Yaya, Christelle hakuuawa na shule ile, wala na Lazare. Alifika mapema mno katika ugonjwa wetu, na kwa kuchelewa mno katika ugonjwa wake. Angeugua mwezi huu, ningekuandikia barua nyingine. Hilo linaniuma, na sina dawa yake.

Siku mama alipotolewa, Lazare alikuja kumchukua. Nyuma ya jiko la shule kuna mabeseni ya wale wasiorudi, yameoshwa kwa maji ya dawa na kupangwa, na hakuna anayethubutu kuja kuyachukua. Mama akaenda moja kwa moja kuyageuzageuza. Akatoa lile la maua mekundu, lenye tundu uliloliziba kwa lami mwaka mliooana. Mimi nilikuwa nimeshikilia mkono wake, kwa hiyo akampa Lazare.

Lazare alitaka kulibana kwapani. Mama akakataa. Akasema, “Mabeseni ya bengine yalirudi juu ya kichwa. Ya Christelle nayo irudi vile.”

Mume wangu akalitia kichwani, mwanamume mzima, mwalimu, wanafunzi wake wamejaa barabarani, akapanda nalo mpaka nyumbani. Hakuna aliyecheka. Salomé aliacha kikaango chake akapiga magoti, naye amezoea kumcheka hata mchungaji. Beseni liko chumbani kwa mama, limefunikwa kitambaa, linamngoja Lise. Mama amesema asitumwe nalo mtu wa reli. Lise aje mwenyewe alichukue, nawe uje naye, treni zikitulia.

Nisalimie Lise na Jérémy, umsalimie mama Albertine anayekusaidia kuwalea, na wote wa kanisa lenu wanaotukumbuka. Mama anakusalimu, anasema ule vizuri. Umba, mdogo wetu, anakusalimu kutoka shambani. Mungu aliyemrudisha mama na kumpokea Christelle akulinde mchana na usiku, wewe na watoto.

Lazare hajui ninakuandikia nini. Aliniona na kalamu, akasema niseme na yeye anakusalimu. Hajaomba kitu kingine. Ukijibu, Yaya, katika salamu zako anza na mama, kisha sisi wote kama ulivyozoea, ila safari hii usiliruke jina lake.

Wako akupendaye, dada yako,

Éliane