Ngoma ya Mapacha

Zahanati ya Lwamsenga,
Wilaya ya Mpanda.
Machi, 1996

Baba yangu mpendwa,

Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini barua hii itakukuta umeketi na mguu umeuinua juu ya kigoda, maana Agape aliniambia umevimba tena na bado unazunguka jumuiya kwa jumuiya kama kijana. Mama hajambo? Na mpunga wa bondeni, umeanza kubeba au ndege wameshautangulia? Mimi kwa mwili sijambo. Kula nakula, ila usingizi umekuwa wa kubahatisha.

Najua Mwenyekiti wetu wa kijiji, Mzee Cletus, ana ndugu huko kwenu na atapita kabla ya Pasaka. Mzee yule hana kifua, na habari ikipita kwake hutoka imetiwa chumvi. Kwa hiyo nimekata shauri kukuandikia mwenyewe. Nimeitwa wilayani nikajieleze, Baba, na huenda nikavuliwa sare hii ya uuguzi ambayo Mama alinishonea kwa mkono wake. Hata hivyo, wilayani hakunitishi sana. Ninayemwogopa ni wewe.

Mganga wetu wa zahanati, Bwana Nathanael, nilishakuandikia habari zake alipohamia. Ni mtu safi. Hali rushwa, hanywi, na hata mgonjwa akija amelewa hamtukani. Nisiposema hayo nitakuwa simtendei haki. Ila ameokoka, na wokovu wake amekuja nao kazini. Kila asubuhi, kabla dirisha la dawa halijafunguliwa, huwakusanya wagonjwa barazani akawahubiria. Asiyeinamisha kichwa huhudumiwa mwisho. Wanaoumia zaidi ni Wasukuma waliohamia huku na ng'ombe wao, kwa sababu wengi wao hawana kanisa wala msikiti. Wanawatambikia wazee wao, na watoto wao huvaa hirizi mikononi. Bwana Nathanael huzikata hirizi hizo kwa mkasi wa bandeji kabla hajampima mtoto. Nilipomwambia kwamba nyumba hii ni ya serikali, na serikali haina dini, alinijibu kwa upole kabisa kwamba serikali haina lakini yeye anayo, na siku ya mwisho hataulizwa na waziri.

Wapimbwe wenzetu hawakulalamika. Wanafanya ishara ya msalaba kimya kimya, wanangoja kelele ziishe, wanachukua dawa yao wanaenda shambani. Mimi nilikuwa nakukumbuka wewe ulivyotusimulia kwamba enzi zenu mtoto asiyebatizwa hakuingia darasani, ndiyo maana Baba Mkubwa Silvesta alichunga mbuzi wakati wewe unajifunza kusoma. Ulisema mpaka leo huoni busara yake. Nilikuwa nakuwaza hivyo hivyo tu, wala sikujua kwamba zamu yangu inakuja.

Mwezi uliopita aliletwa mwanamke anaitwa Kija, mke wa Makoye, mfugaji wa ng'ambo ya mto. Alikuja kwa mkokoteni wa ng'ombe, uchungu umeshamchosha. Walikuwa mapacha. Kulwa alitoka vizuri, Doto akatanguliza miguu, na mama akamwaga damu nyingi sana. Bwana Nathanael alinisaidia usiku kucha na hakuna baya nitakalosema juu ya usiku ule. Kulipokucha damu ilikuwa imesimama lakini homa imepanda, na macho ya Kija yalikuwa meupe kama karatasi. Alihitaji kuongezewa damu, na damu iko hospitalini Mpanda. Tulituma ujumbe kwa lori la mpunga ili gari lije kumchukua, ila mvua ilikuwa imekata barabara. Kazi yangu ikabaki moja: kumweka Kija kitandani na dripu yake mpaka gari lipenye. Mkokoteni ungemuua njiani, hilo halikuhitaji elimu kubwa kulijua.

Sasa, Baba, kwa Wasukuma mapacha ni jambo zito. Hawaishii kupongezana. Baba na mama wa mapacha hawaruhusiwi kukaa na watu wala kukanyaga zizi mpaka wachezewe ngoma yao. Wanapakwa unga uliokorogwa kwa maji na dawa, na wanaimbiwa nyimbo za matusi ambazo siku nyingine mtu angepigwa kwa kuzitamka. Isipofanyika, wanaamini watoto watakufa, ng'ombe watakufa, na majirani watapata mikosi. Makoye alikuwa analala nje kwenye mvua, hataki hata kushika kikombe cha mtu. Mama yake, bibi mmoja mwembamba asiyepaza sauti, alikuja akaomba ngoma ichezwe pale pale uani, kwa kuwa mgonjwa hawezi kwenda nyumbani.

Bwana Nathanael alikataa. Alisema uchawi hautaingia kwenye uwanja wa zahanati yeye akiwa hai, na akalifunga lango kwa kufuli. Bibi hakubishana. Alimwambia mwanawe afunge ng'ombe kwenye mkokoteni, wamchukue mgonjwa wao wakaifanyie nyumbani. Nikamsihi Makoye asubiri hadi mkewe apone. Akanijibu machozi yakimtoka kwamba yeye haringi, anataka mke wake apone kuliko mimi ninavyotaka, na ndiyo sababu hawezi kusubiri. Nikamrudia Bwana Nathanael, nikamwambia huyu mama akitolewa atakufa. Akasema atakuwa ameuawa na mila zao, si na yeye. Kisha akachukua baiskeli yake akaenda kwenye ibada yao ya mchana, akaniachia funguo kama kawaida.

Nilifungua lango, Baba. Waliingia na ngoma zao.

Wagonjwa wawili watatu walihama, wakaenda kulala darasani shuleni. Wengine walisogea kutazama. Kija alichezewa akiwa kwenye godoro barazani, dripu nimeining'iniza kwenye mti wa chandarua. Walipomaliza, Makoye alinawa mikono, akaomba uji, akanywa bakuli zima, akaenda kuufungua ule mkokoteni mwenyewe. Kija akabaki, dripu ikaendelea.

Kijiji kikaitisha mkutano. Bwana Nathanael alisema nimeifanya zahanati kilinge cha waganga. Mzee Cletus naye alisema kila mtu akileta dini yake pale, kesho tutaona wengine wanajenga msikiti kwenye chumba cha sindano. Nilisimama, na unajua nisivyozoea kusema mbele za watu. Nikawaambia dini imeshaingia siku nyingi, inaingia kila asubuhi kabla ya dawa, ila hakuna aliyeitisha mkutano kwa sababu ilikuwa dini ya mwenye funguo. Mzee mmoja wa Kisukuma alisema yeye hulipa kodi ya maendeleo na hajawahi kuulizwa anatambikia nani. Mkutano haukuwa na mwisho wa maana. Barua ya kunishitaki ilikwenda wilayani kesho yake.

Gari lilifika hatimaye. Kija alifika Mpanda akaongezewa damu, na wiki iliyopita amerudi, anatembea kwa kushika ukuta, Kulwa mgongoni. Doto hakufika. Alifia njiani, mikononi mwangu, karibu na mji. Alikuwa mdogo mno tangu mwanzo. Bwana Nathanael amewaambia waumini wake kwamba hilo ndilo jibu la Mungu. Makoye yeye amenishukuru, na bibi amesema ngoma ilichelewa. Mimi sijui nimwamini nani, Baba. Ninachojua ni uzito wa yule mtoto, ambao haukuzidi wa kuku, na jinsi nilivyoendelea kumfunika hata wakati hapakuwa na haja tena.

Nimefika mahali ambapo kalamu inagoma. Kuna jambo sikulisema mkutanini, na kwenye shitaka halikuandikwa kwa kuwa Bwana Nathanael alikuwa hajalijua. Sasa linajulikana.

Ngoma ile haiwahusu wazazi peke yao. Aliyewapokea mapacha kwa mikono yake naye amefungwa pamoja nao. Bibi aliniambia kwamba nisipofanyiwa mimi, itakuwa haijafanyika, na watamchukua Kija. Hakunilazimisha. Alikaa tu na bakuli la ule unga mapajani akiningoja. Basi nikavua kofia yangu nikapiga magoti kwenye udongo, rozari yako shingoni, nikapakwa unga usoni na kwenye mikono yote miwili. Waliponiimbia matusi, niliwajibu. Mimi, binti wa Katekista Maximilian, niliimba maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. Wanawake wakacheka, nami nikacheka, halafu nikalia, na Kija akanyoosha mkono kutoka kwenye godoro lake akanishika kidole. Sikuhisi kwamba Mungu ameondoka pale. Nisamehe kama neno hili linakuumiza, lakini ndivyo nilivyohisi.

Wazee wa kigango cha huku wamenizuia kupokea Komunyo. Wamesema nitarudishwa nikiikana ngoma ile hadharani, na kwa kuwa mimi ni mtoto wa kigango chenu, nikaikane huko nyumbani, Jumapili ya Matawi, katekista akiniuliza mbele ya waumini. Katekista ni wewe. Wamekupelekea taarifa, sijui kama imefika. Wengine wamenishauri kwa nia njema niseme nililazimishwa, yaishe. Ningeweza. Ni maneno machache tu, na hata wilayani yangenisaidia.

Nitakuja, Baba. Nitasimama pale utakaponiambia nisimame. Lakini utakaponiuliza kama ninaikana ngoma ile, nitajibu kwamba siikani, na kwamba Kija akiletwa tena na mapacha wengine, nitapiga magoti tena. Nimekuandikia mapema ili jibu hilo usilisikie kwa mara ya kwanza ukiwa umesimama mbele ya watu, na mguu wako huo mbovu.

Msalimie Mama, na umsomee barua hii yote, usiruke mahali. Msalimie Agape na watoto, Mama Mdogo Theopista, na majirani wote wanaoniulizia kwa wema. Mungu akulinde, nami niombee hata kama umekasirika.

Ni mimi binti yako,
Pudensiana