Viatu Vyako Havikuchomwa, Mama

Mama yangu,

Vilikauka! Ninaanza na hii, salamu zitangoja, sababu nikianza na salamu nitapasuka. Viatu vyako vyeupe vilikauka, vikanitosha, nikaolewa navyo jana, na alama ya dole gumba lako ingali mule ndani! Mimi Ngosa wako ni muke wa mutu, Mama! Bwana yangu Musonda ananicheka hapa, eti ninaandika huku ninarukaruka kitini. Ninakuandikia kwa Kiswahili chako cha Congo, kile cha jikoni kwetu, maana Kibemba nimekimaliza chote kushukuru wageni.

Unakumbuka ulivyosema ukiwa mugonjwa kule kisiwani Kilwa, mu ziwa letu, kwa mama mudogo: "Viatu vyangu vya ndoa ni vya Ngosa." Basi tangu tukuzike mwaka jana vilibaki kule mu kartoni yao. Alhamisi nilivuka kuvichukua, nikavifungua palepale ufukoni. Mule ndani, juu ya ngozi, dole gumba lako limechimba kashimo kake, na ka kulia kamezidi, vile ulivyotembea ukiegemea upande. Mama, picha yako hatuna, hata moja. Niliweka kidole mu kale kashimo nikalia, mama mudogo naye akalia, alafu tukacheka wote wawili, nikapanda mutumbwi.

Mawe, mama wee! Katikati ya maji upepo ukatushukia. Mawimbi yaliingia, batu banachota maji kwa sahani, kwa kofia, mwanamuke mumoja anaomba Mungu kwa sauti huku anamutukana mupiga kasia. Kartoni ililainika ikaachana. Viatu vyako vilikuwa vinaogelea chini pamoja na samaki za mutu! Nilifika kwetu Nchelenge nimevikumbatia kifuani, vinatiririka, na ndoa ni Jumamosi. Vikikunjamana, alama yako inakwenda, na mimi ninaingia kanisani na kandambili. Sikuogopa kuzama vile nilivyoogopa ile.

Sasa mufikirie shangazi yangu Mwape. Dada ya baba ni yuleyule, kila kitu kilicholowa dawa yake ni kichanja cha kukaushia samaki kwa moshi. Kabla sijashuka vizuri alikuwa anachochea kuni: "Lete hapa, mutoto, kabla giza haijaingia vitakuwa vikavu!" Aka! Nilikumbuka ile Krismasi alipoviweka viatu vyeusi vya baba juu ya kichanja, katikati ya samaki, akivigeuza kila alipogeuza samaki. Vilitoka vigumu kama ubao, vimerudi ndani kama vya mutoto, na baba akavilazimisha tu. Njia yote ya kanisa imbwa za mutaa zilimufuata zikinusa visigino. Wewe kuimba mu kwaya kulikushinda siku ile, kicheko kilikuwa kinakutoka puani.

Kicheko kilipoisha ulinikalisha ukanionyesha namna ya kukausha, kwa kiatu chako kimoja, na maneno yako nilikuwa nayasikia Alhamisi ile kama uko nyuma yangu. "Ngozi ni ngozi ya kiumbe, inaungua." Kwanza nilivisafisha matope kwa maji safi na kitambaa, polepole. Nikatoa kamba. Nikaweka kitambaa cheupe mule ndani, alafu gazeti lililokunjwakunjwa katikati ya kitambaa, sababu ulisema wino ukigusa ngozi nyeupe hautoki tena. Nikavijaza bila kuvikaza, vikae na umbo lao tu. Nikavilaza ubavu kwenye baraza, kwenye kivuli, pale upepo wa ziwa unapopita, na soli nazo zipate hewa. Gazeti likilowa ninatoa, ninaweka lingine. Jua hapana, moto hapana. Ni kazi ya kungoja, Mama, na mimi kungoja unajua nilivyo!

Ijumaa nilienda kuchota maji. Kurudi, baraza ni tupu. Nilitupa ndoo nikakimbilia nyuma ya nyumba, na nini nikaona? Moshi umefumba kichanja chote, shangazi amesimama na kijiti chake cha kugeuzia, na baba, baba yangu ambaye tangu mazishi alikuwa anajibu kwa kichwa tu, anakimbia anatoka mule mu moshi, kiatu kimoja mu kila mukono, anakohoa, anapiga kelele: "Mwape! Hizi si samaki! Hizi ni miguu ya muke wangu!"

Yo! Shangazi akakaa chini palepale kwenye majivu, akafunika uso na kitenge. Maskini, alitaka kunisaidia, na ule moto ulikuwa hata haujawaka vizuri. Nilishika kiatu cha kulia, nikaingiza kidole. Kashimo kalikuwepo. Ngozi ilikuwa ya vuguvugu tu. Nilimukumbatia baba nikamulowesha shati kwa machozi, na yeye akasema nisimuletee maji mengine, ya jana yametosha.

Tangu pale hakuna mutu aliyevigusa. Baba alileta kiti chake barazani na magazeti yake yale ya kufungia samaki, akawa anabadilisha mwenyewe, anafukuza kuku, anamwita shangazi aje aone jinsi batu banavyokausha viatu. Anaongea, Mama! Na viatu na kuku pia, lakini anaongea. Jumamosi asubuhi nilivipaka vazelini kidogo, vikalainika, nikavivaa. Dole gumba langu likaingia mu kashimo kako. Nilitembea mpaka mbele ya kanisa nikiegemea kulia kama wewe, na bamama ba kwaya balianza kulia mbele ya wimbo kuanza.

Alafu mvua. Wakati wa kucheza ilitushukia yote kwa mara moja, na mimi nilikataa kuvivua. Nilicheza navyo, Mama, shangazi naye mu matope, na mimi ninacheka kwa furaha.

Ninakuandikia toka Kabuta, hapa kwa Musonda. Baba amefika na baiskeli asubuhi hii toka Nchelenge, hata mukwe wake hajamusalimia, ameuliza tu: "Viko wapi?" Sasa amekaa barazani kwetu, anapasua gazeti. Mbele ya kujaza kiatu cha kulia ameingiza kidole gumba chake mule ndani, akakiacha, kwa muda mrefu. Mimi nimejifanya sioni.

Pumzika vizuri, Mama. Ninakuahidi hivi: kila mvua ya hapa nitavivaa, nitavilowesha, na nitamupelekea baba avikaushe.

Ngosa wako