Somo la Neema Sebuleni Kwangu

Imelda, nimewafukuza wanajumuiya wote nyumbani kwangu. Kaa chini usome.

Leo ilikuwa zamu yangu kupokea ibada. Nimechemsha viazi, nimepika chai ya maziwa. Mzee Yonathani akafundisha nusu saa kwamba neema ni bure, hakuna anayeipata kwa matendo yake. Vizuri kabisa. Nikauliza, basi mjukuu wangu atabatizwa lini?

Akanijibu, "Mpaka Enesi asimame mbele ya kanisa aungame, mama. Ndio utaratibu."

Nusu saa ya neema, Imelda, halafu binti yangu anawekewa utaratibu.

Nikamuuliza, "Na Luka aliyempa mimba naye atasimama?" Luka huyuhuyu mpiga gitaa. Akasema bila aibu, "Yule hatuna ushahidi wake. Halafu kwaya inamhitaji."

Kwaya inamhitaji. Mzee mzima, Biblia mkononi.

Kumbe Enesi anasikia yote chumbani. Akatoka na mtoto mgongoni, akasema, "Mzee, nitasimama. Ila nitaungama dhambi nzima, na majina yote mawili."

Mama Luka, aliyekuwa anaitikia amina kuliko watu wote, akanong'ona, "Mzee, si umesema neema ni bure?"

Hapo ndipo nikafungua mlango. Nikawaambia viazi wakale kwao.

Sasa Mzee ananipigia simu, eti mtoto abatizwe kimyakimya Jumamosi. Enesi amekataa. Jumapili anasimama, na mimi nasimama naye. Ukae benchi la mbele.