Tope Jeusi la Muganza

Papa Shabani,

Ni mimi, yule msichana uliyemfundisha kuziba pancha kabla hajajua kuendesha vizuri. Jana nilimaliza mbio za baiskeli, kutoka Kamembe hadi bonde la Muganza. Kabla sijakueleza lolote, nina jambo la kukiri: mwaka jana sikumaliza. Nilikudanganya ukiwa kitandani.

Sentensi hiyo nimeiandika na kuifuta mara tatu. Sasa naiacha ibaki.

Baiskeli yenyewe unaijua kuliko mimi. Tuliivusha kutoka Bukavu vita vilipofika mjini, mama kaiweka begani pale darajani, maana ilikuwa nyepesi na magurudumu yake hata magotini hayafiki. Baba alisema angetufuata kesho yake. Hakutufuata. Mpira wa ndani wa gurudumu la nyuma ulipochakaa, mpaka wa kurudi Bukavu ulikuwa umefungwa, na mpira wa kipimo kile haukupatikana popote Kamembe. Ukachukua mpira wa baiskeli kubwa, ukaukata, ukachomeka ncha moja ndani ya nyingine, ukagundisha na kufunga kwa kamba. Pale kwenye kiungo pakabaki nundu. Tangu siku hiyo gurudumu likawa linapiga tup, tup, tup, watu wakinisikia kabla hawajaniona. Nilipolalamika ulicheka: "Ile ni saa yako, maman. Vuta pumuzi pamoja nayo."

Mimi binti wa Kikristo, wewe mzee unayefunga kazi adhuhuri kwenda msikitini, na bado watu walidhani umenizaa. Nilikuwa sikanushi.

Unakumbuka walivyotucheka mbio za kwanza? "Kinga ya batoto!" Eti baiskeli ya watoto. Hukukasirika. Ukawajibu, "Mungoje mulima." Na kweli, mlimani wenye baiskeli kubwa walizikokota huku wakihema, mimi nikapita na yangu begani. Shida ilikuwa mteremko. Gurudumu dogo linaingia kila shimo, na ule wa kutoka Nkungu kwenda bonde la Muganza ni mashimo matupu na mawe.

Mwaka jana nilifika Nkungu nikiwa wa tano. Niliona bonde lote chini, vumbi la kiwanda cha saruji na mashamba ya mpunga. Mbele yangu kijana mmoja alirushwa na baiskeli yake, akalala pale akishika bega. Nikashuka. Nikajiambia nakunywa maji kidogo. Nilikaa kando ya njia mpaka wa mwisho akapita, kisha nikaomba lori linipandishe kurudi Kamembe. Niliogopa, Papa. Hakuna sababu nyingine.

Ulikuwa umevimba miguu, miezi miwili hujakanyaga kibandani kwako pa kutengenezea baiskeli. Ulikuwa umeniuliza asubuhi ile kama nitafika Muganza, kwa sababu wewe hutafika tena. Ningekuambiaje? Nikasema, "Nimemaliza, Papa." Ukataka baiskeli iletwe kitandani. Ukaipapasa tairi, ukakwangua tope kwa ukucha, ukaliangalia. Halafu ukamwita mkeo: "Zainabu, lete mayi. Muoshe hii kinga sasa hivi, mbele bantu bafike."

Nilishangaa: ioshwe kabla watu hawajafika? Kwako baiskeli iliyotoka mbioni haioshwi. Inatundikwa kwenye msumari wa mlango wa kibanda na tope lake mpaka Ijumaa, kila apitaye aone ilikofika. "Tope ni dipolome yake," cheti chake, ndivyo ulivyokuwa ukisema, na mtu aliyeosha yake njiani ulimtania wiki nzima. Nilidhani ugonjwa umekubadilisha. Nikaosha haraka haraka, nikifurahi kimoyomoyo kwamba hakuna atakayeniuliza mengi. Majirani walipokuja kunipongeza, wewe ulisema neno moja tu: "Alifika mbali."

Siku kumi na mbili baadaye ulituacha. Wanaume walikubeba, sisi wanawake tukabaki uani na Maman Zainabu. Kwa hiyo hata kaburini sikukusindikiza, na uongo wangu nikabaki nao.

Mengi yamebadilika. Mpaka uko wazi, watu wanavuka na nyanya na vitenge kana kwamba hapakuwahi kutokea kitu. Kibanda kimekodiwa na fundi wa redio, ila msumari wako hajaung'oa. Maman Zainabu aliniletea kutoka Bukavu mpira mpya wa kipimo chenyewe. Nimeuhifadhi tu, sijaufunga. Sikutaka kwenda Muganza bila ile saa.

Jana nilifika Nkungu wa kumi na kitu. Sikushuka. Nilikusikia ukinipigia kelele kama kwenye mazoezi: "Acha freni ya mbele! Matako nyuma!" Nikaachia breki, nikakaa nyuma. Nilianguka mara mbili, kiwiko kimechunika mpaka kinatisha, nikapanda tena. Tup, tup, tup, mpaka chini. Kisha ile njia ya kati ya mashamba ya mpunga, magurudumu yakizama mpaka ekseli. Nilikuwa wa tatu kutoka mwisho, na kamba ya mwisho wa mbio walikuwa wameanza kuifungua.

Niliinama kutazama kama tairi limepasuka. Nikakwangua tope kwa ukucha, kama ulivyofanya. Lilikuwa jeusi, Papa. Jeusi na zito. Kamembe ni udongo mwekundu, Nkungu ni mwekundu, njia nzima ni nyekundu. Udongo mweusi uko kule bondeni tu. Na tope uliloshika mwaka jana lilikuwa jekundu tupu.

Ulijua. Ulijua papo hapo, ukaagiza maji.

Nililia pale pale, watu wakadhani ni kiwiko. Mzee mgonjwa, aliyebakiwa na siku chache, alivunja mwiko wake mwenyewe ili mimi nisiaibike mbele ya majirani. Wala hukunisema, hata kwa macho. Nisamehe. Na asante, ingawa neno lenyewe ni dogo.

Leo asubuhi nimeitundika kwenye msumari wako, tope jekundu chini, jeusi juu. Ijumaa majirani watakuja, na nitawaambia yote, la mwaka jana kwanza, kisha la jana. Wacheke wakitaka. Nakuahidi pia kwamba yeyote atakayekuja kwangu kujifunza baiskeli akiwa na uongo wa woga, nitamtafutia maji kwanza, maswali baadaye.

Pumzika, Papa Shabani. Mtoto wa fundi wa redio ameniuliza kama anisaidie kuiosha. Nimemwambia hii haioshwi.

Binti yako wa kinga ndogo