Yaya, kifua cha Merveille si pneu ya camion

Yaya wangu Odette, dada yangu mukubwa,

Simu yako ya Kilwa haiiti tangu juzi, kwa hiyo nimekamata bic nikuandikie. Ukae kwanza. Merveille iko muzima, anakula, ananitukana. Nimeandika hilo mbele ya salamu sababu nakujua: ungerukia mwisho wa karatasi bila hata kuniuliza kama niko na afya. Niko nayo, na uzuri pia haujapungua.

Unakumbuka ile siku ya dimanche, kwetu Makomeno, mbele ya wewe kwenda Kilwa kwa kazi yako ya uuguzi? Wewe ulikuwa nyuma ya nyumba unafua. Kifua cha Merveille, mutoto wako, kikaanza kupiga filimbi. Mimi, fundi wa pneu, muntu mwenye kujaza upepo camion ya magurudumu kumi bila kutoka jasho, nikasema: hewa? Nani katika mji huu anajua hewa kunishinda? Nikakamata pompi yake ya pumu, nikaielekeza kwenye kinywa, nikabonyeza pa! pa! pa! pa! kama kijana anajipuliza parfum mbele ya kwenda kuona fiancée. Wingu jeupe likatoka kinywani mwake likanipiga kwenye pua. Nikakuita: "Yaya! Nimemujaza!"

Ulikuja na povu ya sabuni mpaka kwenye viwiko. "Umejaza nini, kichwa ya kuku? Ile moshi inatoka inje njo dawa. Umetibu ukuta!"

Mutoto alipotulia mikononi mwako, ukanisimamisha mbele ya bibi yetu. "Vuta hewa." Nikavuta. "Usitoe. Vuta ingine juu yake." Nikavuta. "Tena." Mabega yakanipanda mpaka masikioni, macho yakataka kutoka, bibi akacheka mpaka kitenge kikamufunguka. "Ona sasa," ulisema. "Umejaa hewa na unakufa. Njo vile mutoto anasikia. Ya zamani imekatala kutoka, mupya itapita wapi?"

Kiburi changu kiko na nguvu, unakijua. Lakini yaya, ile maneno ilinikamata kama mwizi. Tangu niache shule nilijua jambo moja la kweli: chenye kukosa hewa, unakiongezea. Kumbe kifua kinaweza kujaa na kukosa pamoja! Nilienda kukaa inje, nikaweka mukono hapa kwenye mbavu, nikasikia zinapanda, zinashuka, na mimi sikuwa nimeziambia kitu.

Juma lile lote ulinifundisha na chupa ya maji ya plastiki. Tundu kwenye kitako, pompi inaingia pale. Kinywa cha mutoto kwenye mudomo wa chupa, dawa inamungojea ndani, haikimbilii ulimi. Kubali tu: tundu yako ilikuwa inavuja. Mimi njo nilichoma ingine na waya wa moto, nikaizungushia kipande cha chambre à air, ule mupira wa ndani ya pneu. Hakuna munganga wa hospitali Lubumbashi anatengeneza vile.

Kisha ukapanda camion ya Kilwa, ukaniachia mutoto, sababu moshi ya kukausha samaki kule inamufunga kifua. Uliniambia mbele ya bantu bote: "Kifua kikifunga na wewe ukaharibu tena, nakuja kumukamata, nirudi naye Kilwa." Nilicheka. Ilinichoma.

Basi juzi, saa saba ya mchana, camions za mines, za kutoka migodini, zinapita, vumbi imesimama kama pazia. Merveille anatoka masomo, anashindana mbio na rafiki yake mpaka kwenye kazi yangu. Akakaa kwenye jante, chuma ya gurudumu. Anataka kuniita mjomba, neno linakatika: "Ton... ton." Ngozi ya shingo inaingia ndani kila akivuta.

Mama Kapinga, mwenye kuuza mikate pembeni yangu, akaruka: "Mumulalishe! Mumupatie maji!" Na Papa Kasereka, dereva mwenye nilikuwa ninamutengenezea pneu, akasema: "Petit, washa ile compresseur, umupulizie upepo kinywani!" Yaya, sikumucheka. Mwaka jana ningekuwa nimeshawasha.

"Papa, ile ni ya camion yako. Bote nyuma! Mutoto anakaa wima."

Pompi na chupa vilikuwa kwenye sac yake ya masomo. Nikatikisa. Majuma mingi haikutumika, basi nikapuliza mbili kwenye upepo kuiamsha, vile ulinifundisha, Mama Kapinga akapiga kelele: "Anamwaga dawa, huyu mupumbavu!" Nikapachika pompi kwenye chupa. "Merveille, toa kwanza. Toa ile ya zamani." Akatoa kidogo. Akafunga midomo kwenye chupa. Nikabonyeza moja tu. "Vuta pole pole. Shika." Nikahesabu na vidole: tatu, akakohoa.

Nikamupatia Papa Kasereka kazi: aangalie saa, aniambie dakika ikipita. Kijana wa moto, ile pikipiki ya kubeba bantu barabarani, nikamuambia awashe, dawa ya mara ya ine isipofanya kazi tunakimbia hospitali. Dakika ile ilikuwa ndefu kuliko barabara yako ya Kilwa. Tikisa, toa, vuta: vidole vitano. Ya tatu: saba. Ya ine: vidole vyote kumi. Akaachia, na filimbi ikashuka, ikashuka, mabega yakarudi mahali pake. Niliona hewa inatoka. Najua haionekani, usinicheke. Niliiona.

Ananiangalia, macho bado na machozi: "Tonton, na wewe pumua."

Kumbe nilikuwa ninabana pumzi pamoja naye. Bantu bakacheka mpaka barabara ikasimama.

Moto ya yule kijana ikatupeleka hospitali hata hivyo. Munganga akamusikiliza, akasema ile pompi ni ya kuokoa, lakini anahitaji na ingine ya kila siku ili kifua kisifike pale. Karatasi yake ya dawa iko ndani ya barua.

Tangu siku ile kazi yangu inachelewa. Ninaangalia bantu: mwenye kuuza makala ya kupikia, polisi, bamama ba soko. Bote banatoa, banavuta, hakuna mwenye kubafundisha, hakuna injini inanguruma. Mimi na compresseur yangu, kelele yote ile, kwa pneu moja.

Kumukamata Merveille ao kumuacha kwangu, wewe njo mama yake. Lakini mbele ya kukata neno, umuangalie vizuri muntu mwenye kukuletea hii. Ni Papa Kasereka, anapanda Kilwa na unga. Umupatie chupa na pompi ya kule kazini kwako, useme tu: onyesha. Atakuonyesha yote, hata dakika. Kwenye kazi yangu sasa, mwenye kungojea pneu lazima ajifunze kwanza.

Kaa na pumzi, yaya.

Ni mimi, mudogo wako, kichwa ya kuku